Kupima kutu ya nondo ndani ya zege: mwongozo kamili kwa majengo ya Dar es Salaam

Pita asubuhi barabara yoyote ya Upanga au Msasani, uinue macho uangalie chini ya roshani za maghorofa. Utaona michirizi ya rangi ya chai inayoteremka kutoka kwenye ufa, na pembeni yake kiraka cha lipu mpya, cheupe kuliko ukuta. Kiraka kile ndicho kinachoniuma. Fundi ameitwa, amegonga kipande kilicholegea kikaanguka, amesugua nondo kidogo kwa brashi ya waya, amepiga lipu, rangi ikapakwa, akalipwa. Hakuna aliyepima chochote. Masika mbili zikipita kiraka kinadondoka, na safari hii kinadondoka na zege la jirani yake, kwa sababu kutu haikuwa pale tu palipopasuka.

Mwongozo huu ni wa mhandisi kijana, fundi sanifu, msimamizi wa jengo, na mwenye nyumba anayetaka kujua analipia nini. Kazi yote inatafuta majibu ya maswali matatu: kutu imefika wapi, imeletwa na nini, na inakwenda kwa kasi gani. Ufa unaouona kwa nje haujibu hata moja kati ya hayo. Na hakuna kifaa kimoja kinachojibu yote matatu, hata kiwe cha bei gani. Anayekuuzia kipimo kimoja na kukuambia kinatosha, mwambie arudi na nyundo kwanza.

Kwa nini nondo ipate kutu ndani ya zege

Zege jipya lina alkali kali, pH ya kati ya 12.5 na 13.5. Katika hali hiyo chuma hujifunika utando mwembamba sana wa oksidi unaokizuia kuliwa. Nondo ikikaa ndani ya zege zuri, lililoshikana, inaweza kudumu miaka mingi bila doa. Utando huo una maadui wawili.

Wa kwanza ni hewa ya ukaa. Inaingia polepole kupitia vitundu vya zege na kuimaliza alkali, pH ikashuka hadi 9 na chini yake. Kitaalamu huitwa kabonesheni. Inakwenda kasi zaidi pale zege lisipokuwa kavu kabisa wala kulowa kabisa, hasa unyevu wa hewa ukiwa kati ya asilimia 50 na 70. Kwa hiyo mara nyingi utaikuta kwenye zege lililokingwa mvua: ngazi, korido, dari za vyumba. Kutu yake hutandaa kwenye nondo karibu sawasawa.

Wa pili ni chumvi, yaani kloridi, na huyu kwa Dar ndiye wa kuogopwa. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita, na upepo wa kaskazi na wa kusi unaichukua kwa matone madogo hadi kwenye kuta zetu. Kloridi haihitaji kushusha alkali. Inatoboa utando mahali padogo, na pale palipotoboka panaliwa kwa kina huku nondo iliyobaki ikiwa nzima. Kutu ya namna hii inaweza kuila nondo nusu kabla zege halijapasuka hata kidogo. Ukifungua ukakuta uchafu mweusi au wa kijani uliolowa, unaogeuka kahawia ukipigwa na hewa kwa muda, ujue umeikuta kazini.

Kutu iliyokomaa huchukua nafasi mara mbili hadi sita ya chuma kilicholiwa. Zege halina mahali pa kuiweka, ndiyo maana linapasuka.

Kabla hujapanda: muulize mwenye jengo

Saa moja ya mazungumzo inaokoa siku nzima ya vipimo. Uliza jengo lina umri gani, michoro ipo au haipo, limekarabatiwa mara ngapi na wapi. Kisha uliza swali ambalo wengi hawaliulizi: zege lilichanganywa kwa maji gani? Kigamboni, Mbezi Beach, Kunduchi na sehemu nyingi za pwani watu wamejengea maji ya visima, na visima vingi vya huko vina chumvi unayoionja mdomoni. Uliza pia mchanga ulitoka wapi. Mchanga wa ufukweni usiooshwa unaingiza chumvi ndani ya zege tangu siku ya kwanza, na jengo la namna hiyo litakuwa na tabia tofauti kabisa na lile linalopigwa na upepo wa bahari tu.

Uliza mabomba yanayovuja, bafu liko juu ya chumba gani, tanki la maji limewekwa wapi juu ya paa, na maji ya eisi (kiyoyozi) yanadondokea wapi. Nimeona boriti imeoza mahali pamoja tu, chini ya bomba la eisi, jengo zima likiwa salama.

Jambo la usalama. Ukikuta nguzo imepasuka kwa wima na ringi (nondo nyembamba zinazozungushiwa nondo kubwa) zimekatika, au slabu imebonyea, acha kupima. Watu waondolewe chini yake, mirunda au nguzo za chuma zisimamishwe, na aitwe mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Vipimo vitasubiri.

Hatua ya 1: macho na nyundo

Chora kila upande wa jengo kwenye karatasi, hata kwa mkono, kisha tia alama: nyufa na upana wake, michirizi ya kutu, zege lililobanduka, nondo zilizo wazi, chumvi nyeupe, viraka vya zamani. Ufa unaofuata njia ya nondo, ulionyooka kama umepigwa rula, una maana tofauti na ufa wa lipu unaokwenda kama utando wa buibui.

Halafu gonga. Nyundo ndogo, pigo moja kila sentimita 15 au 20, na sikio likiwa wazi. Zege zima linalia kwa sauti kavu ya juu, nyundo inaruka mkononi. Zege lililoachana ndani linalia kama mlango wa mbao. Zungushia eneo lote la sauti hiyo kwa chaki, lipime, liandike. Kwenye sakafu ya paa au ya maegesho unaweza kuburuta mnyororo badala ya kugonga. Sikio litakuambia ulipopita juu ya utupu. Kipimo hiki hakigharimu chochote, na ndicho kinachorukwa zaidi na watu wenye haraka ya kufungua sanduku la vifaa.

Onyo moja kwa Dar: majengo yetu mengi yana lipu nene juu ya zege. Lipu iliyoachana na zege inatoa sauti ileile ya utupu. Pale unapotia shaka, bandua lipu kwa tindo ugonge zege lenyewe.

Roshani zinazoning'inia zinahitaji uangalifu wa pekee. Nondo zake kubwa ziko juu, si chini, kwa sababu juu ndiko zege linakovutwa. Watu wanaangalia chini kwa sababu ndiko kutu inakoonekana, na juu kumefunikwa vigae. Roshani ikiliwa juu haitoi onyo refu. Omba ruhusa ya kung'oa vigae viwili vitatu karibu na ukuta.

Hatua ya 2: kava

Kava ni unene wa zege kati ya uso na nondo ya kwanza, ambayo kwa kawaida ni ringi. Kipima kava kinatumia sumaku ya umeme kutafuta nondo bila kuchimba. Sukuma kifaa polepole, tia alama ya chaki kila nondo inapojitokeza, mpaka upate picha ya wavu wote. Kisha thibitisha: toboa tundu dogo mahali pamoja au pawili, upime kwa rula, ulinganishe na kifaa kilichosema. Nondo zilizobanana au zilizopishana zinakidanganya kifaa, kikasema kava ni dogo kuliko lilivyo.

Karibu na bahari viwango vinadai kava la kama milimita 50 na zaidi. Pale ambapo fundi hakuweka biskuti (vipande vidogo vya kuinulia nondo) kabla ya kumwaga zege, wavu hulala juu ya mbao za fomu, na utakuta milimita 10, wakati mwingine 5. Usitoe wastani ukaridhika nao. Andika kava dogo kuliko yote, kwa sababu kutu itaanzia hapo.

Hatua ya 3: kabonesheni

Unahitaji fenolfthalini asilimia 1 iliyoyeyushwa katika spiriti, ndani ya chupa ya kupulizia. Vunja zege mpaka upate uso mpya, au toboa matundu mawili yaliyokaribiana na uvunje katikati yake. Pangusa vumbi kwa brashi kavu, pulizia mara moja, bila kuchelewa. Uso uliokaa hewani unaharibika, na vumbi la zege zima likipakaa sehemu iliyokwisha litaipaka rangi isiyo yake. Usioshe kwa maji.

Sehemu yenye alkali inageuka zambarau inayokaribia waridi iliyoiva. Sehemu iliyomalizwa na hewa ya ukaa inabaki na rangi yake ya kijivu. Pima kutoka usoni hadi rangi inapoanzia, mahali tano au zaidi kwenye kila sehemu ya jengo, na andika wastani na kina kikubwa kuliko vyote.

Sasa hesabu. Kina cha kabonesheni kinakua kwa kufuata kipeuo cha pili cha muda: d = k√t, d ikiwa kina kwa milimita, t umri kwa miaka, na k namba ya zege hilo. Tuchukue jengo la miaka 25 ambalo kina chake ni milimita 20. Kipeuo cha pili cha 25 ni 5, kwa hiyo k ni 4. Kama kava ni milimita 30, hewa ya ukaa itafika kwenye nondo mwaka wa (30 ÷ 4)², yaani mwaka wa 56. Imebaki miaka 31 hivi. Lakini pale kava lilipo milimita 15, ilishafika tangu jengo likiwa na miaka 14. Jengo moja, zege moja, majibu mawili. Ndiyo sababu hatua ya 2 inatangulia.

Hatua ya 4: chumvi

Hapa ndipo kazi ya Dar inapoanza kwa kweli. Chumvi haionekani, haibadilishi rangi ya fenolfthalini, na zege lenye chumvi nyingi linaweza kugeuka zambarau safi huku nondo inaliwa. Nimeshasoma ripoti iliyosema "zege liko salama" kwa sababu ya zambarau tu.

Toboa kwa drili ya nyundo yenye biti nene ya milimita 20 hivi, ukusanye vumbi kwa tabaka: tupa milimita 5 za mwanzo, kisha 5 hadi 25, kisha 25 hadi 50, kisha 50 hadi 75. Kila tabaka mfuko wake wa plastiki wenye jina la jengo, nambari ya tundu na kina. Kusanya gramu 25 au zaidi, na ikibidi toboa matundu mawili matatu yaliyo jirani ili upate za kutosha na kokoto moja kubwa isikupotoshe. Safisha biti na tundu kabla ya kuingia tabaka linalofuata. Usishike vumbi kwa mkono wenye jasho; jasho lina chumvi.

Maabara itayeyusha vumbi kwa asidi na kupima kloridi kwa nitreti ya fedha. Waulize jibu lao ni asilimia ya uzito wa zege au wa saruji, maana kosa hapa linageuza hukumu yote. Viwango tunavyovitumia kuhukumu ni vya saruji: chini ya asilimia 0.2 hatari ni ndogo, kwenye 0.4 utando wa nondo uko mashakani, kufika 1 hatari ni kubwa sana. Saruji kwa kawaida ni asilimia 13 hadi 15 ya uzito wa zege. Kwa hiyo jibu la 0.11 ya zege, linaloonekana dogo, ukigawa kwa 0.15 ni 0.73 ya saruji. Umeshavuka mpaka kwa mbali. Na kama zege hilo limeshafikiwa na kabonesheni pia, hata chumvi ndogo kuliko 0.4 inatosha kuiamsha kutu.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni kusoma umbo la majibu. Chumvi ikiwa nyingi usoni na kupungua kadiri unavyoingia ndani, imetoka nje: upepo wa bahari, mawimbi, maji yanayovuja. Unaweza kuizuia njia, na unaweza kukadiria itafika lini. Lakini chumvi ikiwa karibu sawa tabaka zote, milimita 10 na milimita 70 zikilingana, ilichanganywa humo humo. Ni maji ya kisima au ni mchanga. Hapo hakuna rangi wala kemikali ya kupaka nje itakayoitoa, na kubandua kava na kuweka jipya hakumalizi tatizo kwa sababu zege la nyuma ya nondo limejaa chumvi ileile. Mwenye jengo anapaswa kuelezwa hivyo kabla hajatoa fedha. Tabaka la kwanza likiwa na chumvi kidogo kuliko la pili usishangae. Mvua inaosha uso, na kabonesheni huisukuma chumvi ndani.

Kwenye nguzo za gati na madaraja, chagua sehemu za kutoboa kwa kufuata maji. Dar maji ya bamvu yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3. Ukanda kati ya kupwa na kujaa, na ule wa juu yake unaorushiwa mawimbi, ndio unaokula nondo kuliko wote, kwa sababu unapata chumvi, maji na oksijeni kwa zamu. Chini kabisa, palipozama muda wote, chumvi ni nyingi lakini oksijeni ni haba, na kutu inakwenda taratibu.

Hatua ya 5: volti za nondo

Kutu ni kazi ya umeme: sehemu moja ya nondo inatoa elektroni, nyingine inazipokea. Hilo linatupa nafasi ya kuitafuta kutu kabla zege halijapasuka.

Unahitaji voltimita ya dijitali yenye ukinzani wa ndani usiopungua megaomu 10, waya mrefu, na elektrodi ya shaba na salfeti ya shaba, ile tunayoiita mrututu. Elektrodi ni fimbo safi ya shaba ndani ya bomba la plastiki lenye maji yaliyoshiba mrututu, na mdomoni kizibo chenye vitundu kinachoruhusu unyevu kupita. Chembe za mrututu lazima zionekane zimelala chini. Zikiyeyuka zote maji hayajashiba na kipimo kitayumba. Mrututu ni sumu, osha mikono, usimwage bustanini.

Fungua zege mahali pamoja mpaka kwenye nondo, sugua mpaka ing'ae, kaza klipu. Nondo iende upande chanya wa mita, elektrodi upande hasi. Kisha hakikisha nondo zote za eneo lako zimeunganika kiumeme: fungua mahali pengine mbali na hapo na upime ukinzani kati ya nondo hizo mbili. Ukiwa chini ya omu 1, endelea. Ukiwa juu, utahitaji kuunganisha kila kipande peke yake, vinginevyo unapima hewa.

Bandua rangi, vigae na lipu iliyolegea. Chora miraba ya sentimita 50 kwa chaki. Kwenye nguzo nyembamba tumia 20 au 25. Lowesha uso kwa maji yenye sabuni kidogo ya kuoshea vyombo, kama mililita 5 kwa lita, subiri. Weka elektrodi juu ya sponji iliyolowa na usome. Namba isiyotulia, inayotembea zaidi ya milivolti 20 ndani ya dakika 5, inakuambia zege bado linakunywa maji. Maji yasisimame usoni yakaunganisha pointi mbili.

Namba zitakuwa hasi. Zikiwa chanya mara nyingi umegeuza waya. Kipimo cha Marekani ASTM C876 kinazigawa hivi: namba iliyo juu ya milivolti −200, kwa mfano −120, uwezekano ni zaidi ya asilimia 90 kwamba hakuna kutu inayoendelea; kati ya −200 na −350 hujui; chini ya −350, uwezekano wa kutu ni zaidi ya asilimia 90. Ukitumia elektrodi ya fedha na kloridi ya fedha namba zinahama kwa milivolti 100 na ushee, kwa hiyo andika kila mara umetumia ipi. Joto la Dar linapita kidogo lile la kawaida la kipimo, lakini marekebisho ni chini ya milivolti 1 kwa kila digrii, hayageuzi hukumu.

Mipaka hiyo isikufunge. Ilitokana na sakafu za madaraja ya Marekani yaliyomwagiwa chumvi ya kuyeyusha barafu. Cha maana zaidi ni mteremko. Chora ramani, unganisha pointi zenye namba sawa kwa mistari, kama ramani ya vilima. Mahali ambapo namba inashuka kwa milivolti 100 au 150 ndani ya hatua moja ya miraba, pana bonde kwenye ramani. Kutu inafanya kazi pale katikati, hata kama namba haijafika −350. Kinyume chake, ukuta wa msingi uliolowa maji muda wote unaweza kutoa −600 sawasawa kila mahali bila kutu ya maana, kwa kuwa oksijeni haifiki. Namba kubwa iliyotulia kila mahali hainitishi kama bonde dogo lenye kingo kali.

Kipimo hiki hakifai namna hii kwa nondo zilizopakwa zinki au epoksi. Wala hakisemi kutu inakwenda kasi gani. Watu husahau hilo la pili na kuandika "kutu kali" kwa sababu ya −450.

Hatua ya 6: ukinzani wa zege

Kifaa chenye ncha nne zilizo kwenye mstari, umbali sawa, mara nyingi milimita 50. Ncha za nje zinapitisha mkondo, za ndani zinapima volti. Ukinzani ni 2π mara umbali wa ncha mara volti gawa kwa mkondo, na vifaa vingi vinakuhesabia. Ziweke katikati ya nondo, kwa mshazari, ili nondo isibebe mkondo wako. Soma mara tatu au nne, toa wastani.

Zaidi ya kiloomu 20 za sentimita, kutu hata ikiwepo inatambaa. Kati ya 10 na 20, kasi ni ndogo hadi ya wastani. 5 hadi 10 ni kubwa. Chini ya 5 ni kubwa sana. Zege lililolowa na lenye chumvi linashuka haraka, kwa hiyo andika tarehe na kama mvua ilinyesha. Kipimo cha Februari na cha Aprili kwenye ukuta uleule si ndugu.

Hatua ya 7: kasi

Kifaa cha kupima kasi kinasukuma volti ya nondo kwa kiasi kidogo, milivolti 10 hadi 20, na kuona mkondo unaohitajika. Kutokana na hapo kinapata ukinzani wa nondo na kukokotoa mkondo wa kutu: B gawa kwa ukinzani, B ikiwa namba isiyobadilika, milivolti 26 kwa nondo inayoliwa. Vifaa hivi ni ghali, na ni busara kuvipeleka kwenye mabonde uliyoyapata hatua ya 5 tu, pamoja na mahali pamoja pazima pa kulinganishia. Chagua chenye pete ya nje ya kuzuia mkondo usitawanyike, vinginevyo hujui umepima nondo ya urefu gani.

Chini ya maikroampea 0.1 kwa sentimita ya mraba, hesabu hakuna kutu. Hadi 0.5 ni kidogo, hadi 1 ni ya wastani, zaidi ya 1 ni kali. Maikroampea 1 inakula mikromita 11.6 kwa mwaka. Kwa nondo 12, yaani ya kipenyo cha milimita 12, miaka 20 ya kasi hiyo inaondoa milimita 0.23 kila upande, sawa na asilimia 7 na nusu ya eneo lake. Inasikika ndogo. Lakini hiyo ni kutu iliyotandaa. Kutu ya chumvi inachimba mara 4 hadi 8 ya wastani mahali inapochimba, na kifaa kinakupa wastani. Kwa jengo lenye chumvi, zidisha kabla ya kumtuliza mtu.

Hatua ya 8: fungua uione

Kila ninachokisema juu ya vifaa ni kukisia mpaka umefungua. Chagua mahali pabaya kuliko pote kwenye ramani, mahali pa kati, na mahali pazima. Fungua kwa tindo, si kwa nyundo ya umeme inayotikisa nondo. Piga picha kabla hujagusa. Rangi ya kutu inabadilika ikipata hewa. Sugua mpaka chuma kionekane, pima kipenyo kwa kalipa pande mbili zinazokatana, na pima kina cha vishimo kwa ncha ya kalipa.

Nondo 12 nzima ina eneo la milimita za mraba 113. Ikibaki 10, ni 78.5. Milimita mbili tu, umepoteza asilimia 30. Ila usilinganishe na namba 12 ya kwenye lebo. Sokoni kuna nondo zilizouzwa kama 12 zikiwa nyembamba tangu mwanzo. Linganisha na sehemu nzima ya nondo ileile.

Mhandisi akiruhusu kukata kipande, na mzigo ukiwa umeshikwa, uzito unasema kweli zaidi. Safisha kutu kwa asidi ya hidrokloriki iliyotiwa kizuizi cha kulinda chuma, maabara, si uani. Nondo 12 ina kilo 0.888 kwa mita, kwa hiyo kipande cha milimita 300 kilipaswa kuwa gramu 266. Kikiwa 226, asilimia 15 imekwenda. Maabara za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au za Taasisi ya Teknolojia ni mahali pazuri pa kuuliza kuhusu kuvuta nondo hiyo na kupima kloridi.

Kuyaweka pamoja

Weka ramani zote juu ya meza, za kipimo kimoja, ikiwezekana kwenye karatasi inayopitisha mwanga: nyundo, kava, kabonesheni, chumvi, volti. Angalia zinapopatana. Kava dogo, kabonesheni imefika, chumvi hakuna, ukinzani mkubwa: hiyo ni kutu ya taratibu, ziba maji, karabati palipoharibika, rudi baada ya miaka. Kava zuri, zambarau hadi usoni, chumvi 0.7, bonde kali la volti, ukinzani wa kiloomu 6: hilo ndilo jengo linaloonekana zuri na linaloliwa, na halihitaji lipu bali mhandisi wa miundo kuhesabu upya nguvu zake.

Vipimo visipopatana, usichague unachokipenda. Fungua tundu jingine.

Ripoti ieleze pia ni wapi hukupima na kwa nini: chumba kilichofungwa, nguzo iliyo nyuma ya kabati la duka, roshani ambayo mwenyewe alikataa vigae vyake vising'olewe. Kabla ya kuondoka ziba matundu yote kwa saruji isiyosinyaa, ila acha waya mmoja uliokazwa kwenye nondo, mdomo wake ukiwa ndani ya kisanduku cha plastiki ukutani, na misumari midogo ya chuma kisichoshika kutu kwenye pembe za miraba yako. Atakayekuja mwakani, baada ya masika, aweke elektrodi palepale ulipoiweka wewe.